Paul Langevin

Paul Langevin (Paris, 23 Januari 1872 – Paris, 19 Desemba 1946) alikuwa mwanafizikia kutoka nchi ya Ufaransa. Anajulikana kwa nadharia yake ya usumaku, kwa mlinganyo unaoeleza mwendo wa chembe ndogo ndani ya kimiminika, na hasa kwa kutengeneza chombo cha kwanza kilichofaulu kupima umbali wa kitu majini kwa mwangwi wa sauti isiyosikika na sikio la binadamu. Kanuni ya chombo hicho ndiyo inayotumiwa leo katika sona za meli, katika mashine za altrasaundi hospitalini, na katika vihisi vidogo vya umbali ambavyo wanafunzi huviunganisha kwenye bodi za kuongoza roboti.

Mbali na sayansi, Langevin alikuwa mtetezi wa haki za binadamu. Alifungwa na Wajerumani walipoikalia Ufaransa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Utoto na masomo

Langevin alizaliwa katika mtaa wa Montmartre, miezi michache tu baada ya serikali ya wafanyakazi wa Paris, iliyoitwa Komyuni, kukandamizwa kwa damu. Baba yake alikuwa mpimaji wa kazi za ujenzi. Familia haikuwa tajiri, na mtoto aliendelea na masomo kwa sababu alikuwa wa kwanza darasani karibu kila mahali alipopita.

Mwaka 1888, akiwa na umri wa miaka 16, aliingia katika Shule ya Fizikia na Kemia ya mji wa Paris. Shule hiyo ilikuwa changa na iliwaandaa vijana kwa kazi za viwandani. Msimamizi wa maabara alikuwa Pierre Curie, ambaye wakati huo hakujulikana sana. Miaka minane kabla ya hapo, mwaka 1880, Pierre Curie na kaka yake Jacques walikuwa wamegundua kwamba fuwele ya kwarzi ikibanwa hutokea chaji ya umeme kwenye nyuso zake. Mwaka uliofuata walithibitisha kwamba na kinyume chake ni kweli: fuwele ikipewa umeme hujinyoosha au kujibana kwa kiasi kidogo sana. Tabia hiyo huitwa piezoelektriki. Kwa muda mrefu haikuwa na kazi kubwa nje ya maabara, lakini Langevin aliijua tangu ujana wake kwa sababu alifundishwa na mmoja wa wagunduzi wenyewe.

Curie alimshauri aendelee na masomo badala ya kwenda kiwandani. Langevin akaingia École normale supérieure, chuo kinachoandaa walimu na watafiti, kisha mwaka 1897 akapata nafasi ya kwenda Cambridge, Uingereza, katika maabara ya J. J. Thomson. Hapo alifahamiana na Ernest Rutherford aliyetoka New Zealand. Alirudi Paris na mwaka 1902 akapata shahada ya uzamivu, kwa tasnifu kuhusu gesi zilizotiwa chaji ya umeme, akisimamiwa na Pierre Curie.

Curie alipohamia Chuo Kikuu cha Paris, Langevin alichukua nafasi yake ya kufundisha katika shule waliyokutana. Alifundisha pia Collège de France kuanzia mwaka 1902, akawa profesa kamili huko mwaka 1909.

Kazi katika fizikia ya nadharia

Mwaka 1905 Langevin alieleza kwa nini baadhi ya vitu huvutwa kidogo na sumaku na vingine husukumwa nayo. Alionyesha kwamba sababu iko katika mwendo wa elektroni ndani ya atomu, na kwamba joto hupunguza mvuto kwa kuzivuruga atomu zisikae katika mstari mmoja. Mwaka 1908 alitoa mlinganyo mfupi wa mwendo wa Brown, yaani mtikisiko wa chembe ndogo ndani ya kimiminika. Mlinganyo huo una jina lake hadi leo, na hutumiwa hata na watu wa uchumi na biolojia.

Alikuwa rafiki wa Albert Einstein na ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko wote ya kuieneza nadharia ya uhusianifu nchini Ufaransa. Mfano wa msafiri anayeondoka duniani kwa kasi kubwa mno, kisha akarudi na kukuta wenzake wamezeeka kuliko yeye, aliutoa Langevin katika mkutano wa Bologna, Italia, mwaka 1911. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Louis de Broglie. Tasnifu ya de Broglie, iliyodai kwamba chembe za maada zina tabia ya mawimbi, ilileta mashaka kwa watahini, na Langevin akampelekea Einstein nakala ili apate maoni yake. Maoni yalikuwa mazuri, na de Broglie alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Kashfa ya mwaka 1911

Langevin alimwoa Jeanne Desfosses mwaka 1898 na walikuwa na watoto wanne. Ndoa haikuwa na amani. Pierre Curie alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 1906, na miaka michache baadaye Langevin na mjane wake, Marie Curie, walipendana. Barua zao ziliibiwa, na mnamo Novemba 1911 magazeti ya Paris yalianza kuandika habari hizo. Marie Curie, aliyezaliwa Poland, alitukanwa kama mgeni aliyekuja kuvunja nyumba ya Mfaransa. Ni katika wiki hizohizo alipewa Tuzo yake ya pili ya Nobel.

Langevin alimwita Gustave Téry, mhariri wa mojawapo ya magazeti hayo, kwenye pambano la bastola. Walikutana tarehe 25 Novemba, na hakuna aliyefyatua risasi. Mwezi uliofuata Langevin na mkewe walitengana kwa makubaliano ambayo hayakumtaja Marie Curie. Uhusiano ule ulikwisha, lakini waliendelea kuheshimiana kama wanasayansi. Baada ya wote wawili kufariki, mjukuu wa Langevin, Michel, alimwoa mjukuu wa Marie Curie, Hélène Joliot.

Kutafuta nyambizi kwa sauti

Meli ya Titanic ilipozama Aprili 1912 kwa kugonga siwa barafu, watu kadhaa walifikiria jinsi ya kugundua kizuizi gizani kwa mwangwi. Mwingereza Lewis Fry Richardson aliomba hataza ya wazo hilo wiki chache tu baada ya ajali. Mwaka 1914 Reginald Fessenden, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Marekani, alifaulu kupata mwangwi wa siwa barafu kwa chombo chake. Lakini chombo hicho kilitoa sauti nzito ya kawaida, na sauti nzito husambaa pande zote. Anayeisikia ikirudi hujua kwamba kuna kitu, ila hajui kiko upande gani.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, nyambizi za Ujerumani zikawa hatari kubwa kwa meli za Ufaransa na Uingereza. Mapema mwaka 1915 mhandisi Mrusi aliyeitwa Constantin Chilowsky, aliyekuwa akiishi Uswisi, aliipelekea serikali ya Ufaransa pendekezo la kutumia sauti ya marudio ya juu, yaani yenye mitetemo mingi mno kwa sekunde, ili kuitafuta nyambizi. Pendekezo likafikishwa kwa Langevin.

Langevin aliona kwamba wazo la msingi ni zuri, lakini njia ya kulitekeleza haitoshi. Sababu ya kupenda marudio ya juu inaeleweka kwa hesabu ndogo. Sauti husafiri majini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde. Ikitetemeka mara 40,000 kwa sekunde, urefu wa wimbi moja ni sentimita 4 hivi. Bamba lenye upana wa mawimbi kadhaa linaweza kuituma sauti kama mwanga wa tochi, upande mmoja tu. Kwa sauti ya mitetemo 500 urefu wa wimbi ni mita 3, na bamba la kuielekeza lingekuwa kubwa mno kubebwa na meli. Shida ilikuwa moja: hakukuwa na chombo cha kutoa sauti ya namna hiyo majini kwa nguvu, wala sikio la kuisikia.

Chilowsky alikuwa amependekeza kutumia sumaku. Langevin alichagua kapasita yenye karatasi nyembamba ya ulanga, ambayo ilitetemeka ilipopewa umeme unaobadilika upesi. Upande wa kupokea walitumia maikrofoni ya kaboni. Majaribio yalianza katika mto Seine, mjini Paris, kisha yakahamia bandari ya kijeshi ya Toulon. Mwaka 1916 waliomba hataza kwa pamoja, na walipata mwangwi kutoka kwenye bamba la chuma lililozamishwa umbali wa mita 200 hivi. Ulanga, hata hivyo, ulipasuka mara kwa mara kwa sababu ya volti kubwa, na maikrofoni haikutegemeka. Baadaye Chilowsky aliacha kazi hiyo. Haki inataka jina lake litajwe hapa, kwa kuwa vitabu vingi vya shule humtaja Langevin peke yake.

Mwaka 1917 Langevin alikumbuka kwarzi ya akina Curie. Fuwele kubwa na safi ilipatikana kwa mtengenezaji wa vifaa vya macho mjini Paris, ikakatwa vipande. Kwanza aliijaribu kama kipokea sauti, pamoja na vikuza mawimbi vya valvu ambavyo jeshi lilikuwa limevitengeneza kwa ajili ya simu ya upepo. Ilifanya kazi vizuri kuliko maikrofoni. Kisha akaijaribu kama kitoa sauti.

Hapa palikuwa na kikwazo kingine. Kila kitu kigumu kina marudio yake ya asili, na hutetemeka kwa nguvu zaidi kikisukumwa kwa marudio hayo. Kipande cha kwarzi ambacho marudio yake ya asili ni mitetemo 40,000 kwa sekunde kingehitaji unene wa sentimita 7 hivi. Fuwele pana na nene kiasi hicho ni adimu na ghali, tena ingehitaji volti za kutisha. Langevin akapanga vipande vyembamba vya kwarzi vikakaa kama vigae vya sakafu, akavigandisha katikati ya mabamba mawili mazito ya feleji. Feleji ilitoa unene, kwarzi ikatoa mtetemo, na vyote vilitetemeka kama kitu kimoja. Kitoa sauti hicho kilitumiwa pia kupokea mwangwi ukirudi.

Mnamo Februari 1918 mwangwi wa nyambizi ulisikika waziwazi kwa mara ya kwanza. Langevin aligundua pia kwamba samaki waliopita karibu na bamba walikufa, na kwamba mtu aliyetia mkono majini mbele yake alihisi maumivu. Ilikuwa dalili ya kwanza kwamba sauti isiyosikika inaweza kugusa mwili wa kiumbe hai.

Vita vilikwisha Novemba mwaka huohuo, kabla chombo hakijafungwa katika meli nyingi. Uingereza ilikuwa imepewa siri ya kazi hiyo, na kikundi kilichoongozwa na Robert Boyle kutoka Kanada kiliendeleza chombo kama hicho. Katika miaka ya 1920 Langevin na mwenzake Charles Florisson walitengeneza kipima kina cha bahari. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 2, kina ni mita 1,500, kwa sababu sauti imekwenda na kurudi. Mabaharia wakaachana na kazi ya kuteremsha kamba yenye risasi na kuingoja ifike chini.

Kanuni hiyohiyo katika vihisi vya roboti

Kihisi cha umbali kinachotumiwa sana na wanafunzi wanaojifunza roboti, HC-SR04, ni mjukuu wa bamba la Toulon. Kina mitungi miwili midogo inayofanana na macho. Mmoja hutoa sauti ya mitetemo 40,000 kwa sekunde na mwingine huipokea. Ndani yake hakuna kwarzi, bali kauri yenye tabia ileile ya piezoelektriki, ambayo ni rahisi kutengeneza na hutetemeka kwa volti chache.

Kihisi kina pini nne. VCC hupewa volti 5, na GND huunganishwa na GND ya bodi. Trig na Echo huunganishwa na pini mbili za kawaida za bodi, kwa mfano Arduino Uno. Programu huipa Trig umeme kwa mikrosekunde 10. Kihisi hutuma mapigo 8 ya sauti, kisha huiweka Echo katika hali ya umeme kwa muda sawa na safari ya sauti ya kwenda na kurudi. Kazi ya bodi ni kupima muda huo tu. Hewani, katika nyuzi joto 20 za selsiasi, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila sentimita ya umbali huchukua mikrosekunde 58 kwenda na kurudi. Echo ikidumu mikrosekunde 1,160, kizuizi kiko sentimita 20 mbele ya roboti. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kusahau kugawa kwa mbili, na roboti hudhani ukuta uko mbali mara mbili ya ulipo.

Bodi zinazotumia volti 3.3, kama ESP32 na Raspberry Pi, zinaweza kuharibika zikipokea volti 5 kutoka Echo. Dawa yake ni rezista mbili: moja ya kiloomu 1 kutoka Echo hadi pini ya bodi, na nyingine ya kiloomu 2 kutoka pini hiyo hadi GND. Pini hupata takriban volti 3.3. Mota za roboti zikiwa na betri yake, GND ya betri hiyo lazima iungane na ile ya bodi na ya kihisi, la sivyo vipimo vitakuwa vya ovyo.

Matatizo aliyoyakuta Langevin yamebaki. Kihisi hakioni kitu kilicho chini ya sentimita 2, kwa sababu kitoa sauti hakijatulia wakati mwangwi unaporudi. Ukuta ulioinama huurusha mwangwi upande mwingine, na pazia au nguo nzito huumeza. Mapigo yakitumwa haraka mno, mwangwi wa zamani huchukuliwa kuwa mpya. Ndiyo maana hushauriwa kungoja angalau milisekunde 60 kati ya kipimo na kipimo. Joto nalo lina athari: katika nyuzi 30 kasi ya sauti hufika karibu mita 349 kwa sekunde, na programu iliyoandikwa kwa nyuzi 20 hukosea kwa sentimita 3 hivi katika umbali wa mita 2.

Siasa na kifungo

Akiwa bado kijana, mwaka 1898, Langevin alitia sahihi ombi la kumtetea Kapteni Alfred Dreyfus, ofisa Myahudi aliyehukumiwa kwa uongo. Baadaye alikuwa kiongozi katika Shirika la Haki za Binadamu la Ufaransa, na mwaka 1934 alikuwa mmoja wa waanzilishi watatu wa kamati ya wasomi waliopinga ufashisti. Mwaka huohuo alichaguliwa kuingia Akademia ya Sayansi, akiwa na miaka 62. Kwa mtu aliyeongoza mikutano ya Solvay ya mwaka 1930 na 1933, ambako wanafizikia wakubwa wa dunia walikutana, heshima hiyo ilichelewa.

Tarehe 30 Oktoba 1940, miezi michache baada ya Wajerumani kuiteka Paris, Langevin alikamatwa na kutiwa gerezani. Wanafunzi walikusanyika kupinga, na kukamatwa kwake kulichangia maandamano ya tarehe 11 Novemba mjini humo. Baada ya wiki kadhaa alitolewa gerezani na kupelekwa mji wa Troyes, akakaa huko chini ya ulinzi.

Familia yake iliumia zaidi. Mkwe wake Jacques Solomon, mwanafizikia aliyechapisha gazeti la siri la kupinga utawala wa Wajerumani, alipigwa risasi tarehe 23 Mei 1942. Hélène, binti yake na mke wa Solomon, alipelekwa kambi ya Auschwitz mnamo Januari 1943. Langevin mwenyewe alitoroka Mei 1944 akavuka mpaka kuingia Uswisi, akarudi Paris ilipokombolewa na kujiunga na chama cha kikomunisti, chama cha mkwe wake. Hélène alinusurika, akarudi mwaka 1945.

Miaka ya mwisho

Serikali mpya ilimpa Langevin uongozi wa tume ya kurekebisha elimu. Alikuwa mwalimu maisha yake yote, na tangu zamani alilalamika kwamba sayansi hufundishwa shuleni kama orodha ya matokeo, bila kuonyesha jinsi yalivyopatikana. Alifariki kabla kazi haijakamilika, na mwanasaikolojia Henri Wallon aliimaliza. Mpango wa Langevin na Wallon ulitolewa mwaka 1947. Ulipendekeza elimu ya lazima na ya bure hadi umri wa miaka 18. Bunge halikuupitisha kuwa sheria, ingawa marekebisho mengi ya baadaye nchini Ufaransa yalichota humo.

Tarehe 17 Novemba 1948 mabaki yake yalihamishiwa Panthéon mjini Paris, siku moja na ya mwanafizikia Jean Perrin, rafiki yake tangu ujana. Taasisi ya utafiti wa nyutroni mjini Grenoble, iliyoanzishwa mwaka 1967, inaitwa kwa jina lake pamoja na la Mjerumani Max von Laue. Viwandani, vitetemeshi vinavyobanwa kati ya vipande viwili vya chuma, vinavyotumika kusafishia vifaa na kuunganishia plastiki, bado huitwa vitetemeshi vya Langevin.